Mlima wa Mavi ya Shaba: Asili ya Kilima Cheusi cha Lubumbashi

Watu wa pwani wana jina la kale kwa kile kinachosalia tanuri la mhunzi linapozimwa: mavi ya chuma. Jina hilo halina staha, lakini lina ukweli. Mawe na makaa hutiwa tanurini, moto ukayala, chuma kikatoka. Na yale ambayo moto umeshindwa kuyageuza hutupwa kando, yakapoa, yakawa mawe meusi yasiyo na mwenyewe. Mhunzi huchukua chuma akenda zake. Chuma nacho hufuliwa jembe, na jembe huisha kwa kulima. Au husafirishwa ng'ambo, kikayeyushwa tena na kupata sura nyingine katika nchi nyingine. Mavi yake hayendi popote. Hubaki palepale yalipotupwa, karne baada ya karne, yakimngoja wa kuyauliza.

Ndiyo maana wachimbuaji wa mambo ya kale huyathamini kuliko dhahabu. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma hicho kilikuwa nguzo ya biashara yao. Maneno hayo yangaliweza kudhaniwa kuwa ni porojo za mabaharia. Lakini huko Galu, kusini mwa Mombasa, ardhi imetoa mabaki ya matanuri pamoja na mavi ya chuma, na huko Unguja Ukuu mavi kama hayo yamefukuliwa katika matabaka ya mji wa kale. Taka imesimama shahidi mahali ambapo bidhaa yenyewe imepotea.

Kanuni hii, kwamba anayetaka kujua kazi ya watu na aanze na walichokitupa, haikuhusu pwani peke yake. Ipo sehemu moja ambapo Kiswahili husemwa kila siku sokoni na majumbani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na ambapo taka ya tanuri si fungu la kujaa kikapu bali ni mlima unaoonekana kutoka pembe nyingi za mji. Mji huo ni Lubumbashi, katika Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Karibu na mto uitwao Lubumbashi imesimama dohani ndefu ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, na ubavuni mwake kilima cheusi. Dohani na kilima vimekuwa alama ya mji, kama minara ya misikiti ilivyo alama ya miji ya visiwani. Wageni hupigwa picha navyo, wachoraji huviweka nyuma ya picha zao, na mtoto anayezaliwa hapo huvikuta kama alivyoikuta mbingu. Hata hivyo wahenga wa pwani walikwisha kuonya: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na mlima huu, ingawa hauelei, umeundwa.

Umeundwa na nini, umetoka wapi, na nani aliyeuinua? Maswali matatu haya yana mashahidi watatu: jiwe lenyewe, makaratasi ya kampuni, na vinywa vya watu. Kila shahidi anajua jambo ambalo wenzake hawalijui.

Kwanza jiwe. Marundo ya migodini si ya namna moja, na mwenye kuyachanganya hupotea tangu hatua ya kwanza. Lipo rundo la kifusi, yaani udongo na miamba iliyoondolewa ili mchimbaji aufikie mshipa wa madini. Rundo hilo hukaa karibu na shimo lake na rangi yake ni rangi ya ardhi ya hapo. Lipo rundo la mchanga laini na tope lililokauka, ambalo ni mawe yaliyosagwa yakaoshwa yakatolewa madini. Hilo hukaa karibu na kinu na hupeperushwa na upepo wa kiangazi. Na lipo rundo la mavi ya tanuri, jeusi, zito, lenye kung'aa kama kioo kilichovunjika, kwa sababu lilikuwa uji wa moto kabla ya kuwa jiwe. Kilima cha Lubumbashi ni cha namna hii ya tatu. Kwa hiyo anayetafuta shimo lililokizaa chini yake au kando yake hatalipata. Kilima hiki hakikutokana na ardhi kilipokaa. Kilikuja vipande vipande kwa reli, kutoka vilima vingine.

Na jiwe linasema ni vilima gani. Ndani ya mavi haya meusi mmebaki shaba kidogo, kobalti, zinki, na madini adimu yaitwayo germani. Shaba na kobalti hazimtambulishi mtu, maana zimeenea karibu Katanga nzima. Lakini zinki na germani ni kama lafudhi ya msemaji: zinataja kwao. Kwao ni Kipushi, mgodi ulioko kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa mji, ambao Wabelgiji waliuita kwa jina la mwana wa mfalme wao Léopold na kuanza kuuchimba katika miaka ya 1920. Kabla ya mawe ya Kipushi kufika, tanuri lililishwa mawe ya mgodi ambao wageni waliuita Nyota ya Kongo na wenyeji wakauita Kalukuluku, jirani na mji. Basi chini ya mlima huu mna Kalukuluku, na juu yake mna Kipushi. Na mwenye kuupanda hupanda miaka ya karne ya 20 mmoja baada ya mwingine.

Lakini hata Kalukuluku si mwanzo. Wageni hawakuigundua shaba ya Katanga, walionyeshwa. Mtaalamu wa miamba Jules Cornet, aliyepita huko mwaka 1892, alikuta mashimo ya kale yaliyochimbwa na wenyeji, na watafiti wa kampuni za Waingereza waliofuata mwishoni mwa karne hiyo waliongozwa hadi kwenye mashimo kama hayo. Vifusi vya zamani na vilima visivyoota miti, vyenye kijani cha malakiti usoni, vilikuwa ndiyo ramani. Mahali pengi palipofunguliwa mgodi wa shaba wa kisasa, mtu mweusi alikuwa amekwisha kupachimba.

Wachimbaji hao wa kale, Wasanga na baadaye Wayeke miongoni mwao, wanajulikana katika vitabu kwa jina la walaji wa shaba. Padri Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, baada ya kuwaona wazee wakirudia kazi ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa. Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, mashamba yanapopumzika. Malakiti ilichimbwa na kuchambuliwa, makaa yakachomwa, tanuri likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ikavukutwa, na dawa na miiko ikafuatwa kwa ukali kama ule wa jandoni. Shaba iliyotoka ilimiminwa katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kuwa fedha na mahari, tena wafu walizikwa nayo karne nyingi kabla ya mmishenari wa kwanza kufika na msalaba wa namna yake. Katanga ilipojitenga na Kongo kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, ni misalaba mitatu ya shaba iliyochorwa katika bendera yake. Bendera ilipepea kwa fahari, wakati shaba yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa kampuni.

Hapa ndipo njia ya pwani inapoungana na njia ya shaba. Katikati ya karne ya 19 alitoka Unyamwezi mfanyabiashara mmoja, mtu wa Usumbwa, ambaye baba yake Kalasa alikuwa amezoea kwenda Katanga kununua shaba. Kijana huyo, M'siri, hakuridhika kununua. Alikaa, akapigana, akaoa, akajenga dola ya Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya. Misafara ilimletea bunduki na nguo ikachukua shaba, pembe na watumwa, mingine kuelekea Atlantiki na mingine kuelekea Bagamoyo. Pamoja na misafara hiyo ndipo Kiswahili kilipopanda bara. Hakuna haja ya kulipamba jambo hili: lugha ya pwani haikufika Katanga mikono mitupu wala mikono safi. Ilifika na minyororo.

Na ilifika pia na aliyemwua M'siri. Msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa na Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji ili kuiwahi Katanga kabla Waingereza hawajaichukua, ulianzia Unguja na Bagamoyo katikati ya mwaka 1891, ukiwa na mamia ya wapagazi na askari waliokusanywa pwani. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri alipigwa risasi na Omer Bodson, mmoja wa maofisa wa msafara huo. Kwa hiyo jiwe la kwanza la mlima mweusi, likitafutwa kwa haki, halipo Katanga peke yake. Sehemu yake ipo katika magunia na mabega yaliyovuka kutoka Forodhani.

Shahidi wa pili ni makaratasi. Haya yapo kwa wingi, maana kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, Union Minière du Haut-Katanga, ilikuwa mwandishi hodari wa hesabu. Makaratasi yanasema reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910 mahali palipopimwa mji mpya, ukaitwa Elisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Yanasema tanuri la kwanza liliyeyusha shaba katikati ya mwaka 1911, kwa makaa yaliyoletwa kwa reli hiyohiyo kutoka Wankie. Kiwanda kilichukua jina la mto, Lubumbashi, na mji ukachukua jina la malkia. Miaka 55 baadaye, mwaka 1966, jina la malkia liliondolewa na mji ukapewa jina la mto. Jina ambalo wafanyakazi walikuwa wakilitaja kila alfajiri wakienda zamu likawa jina la wote.

Makaratasi yanasema pia watu walitoka wapi. Ofisi ya kuajiri iliyoundwa mwaka 1910, Bourse du Travail du Katanga, iliwatafuta vijijini, mara nyingi kwa msaada wa machifu na wa askari. Wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Baadaye walitoka Kasai na Lomami, na katika miaka ya 1920 kutoka Ruanda-Urundi pia. Katika kambi za mwanzo walikufa kwa wingi kwa kuhara, kwa nimonia, na mwaka 1918 kwa homa kali iliyoizunguka dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mwendo. Badala ya kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha wakiwa wamechoka au wasirudi kabisa, iliamua kuwaweka na wake zao na kuwalea watoto wao kambini, kwa posho, hospitali na shule. Mfanyakazi akawa mwana, kampuni ikawa baba na mama, na baba huyo alijua uzito wa kila mtoto aliyezaliwa, maana mtoto wa leo ndiye mkono wa tanuri wa kesho.

Watu wa makabila hayo yote walihitaji lugha moja, na lugha iliyotawala ikawa Kiswahili. Kampuni na serikali ziliitaka kwa sababu ya amri za kazi. Wafanyakazi waliichukua kwa sababu zao wenyewe: kununua samaki, kuposa, kugombana na kupatana. Katika muda wa kizazi kimoja walizaliwa watoto ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya mama kwao, na ambao hawakuwahi kuiona bahari.

Lakini makaratasi yana upofu wake. Yanahesabu tani za mawe yaliyoingia na tani za shaba iliyotoka. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo mlima wenyewe, na mlima umeandikwa kama hasara ya tanuri. Mikono iliyosukuma mabehewa ya uji wa moto hadi ukingoni na kuyamwaga imeandikwa kwa namba. Anayetaka kujua mtu mwenye namba hiyo aliota nini, alimwogopa nani, na alimwitaje bwana wake alipokuwa hayupo, itamlazimu amwendee shahidi wa tatu.

Shahidi wa tatu husema Kiswahili. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav alikusanya historia ya mji kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu wa Elisabethville, wapishi na maboi waliokwisha kuzeeka. Kitabu chao kidogo kilipigwa taipu kikazungushwa mjini, na kina jina la nusu Kifaransa linaloahidi kuwa ni msamiati wa mji wa Elisabethville. Ndani yake msomaji anakuta kufika kwa Wazungu, kujengwa kwa mji, vita viwili vikuu, na majina ya kupanga ambayo Waafrika waliwapa mabwana wao. Tahajia yake haifuati kanuni za pwani, na sentensi zake hukatika na kuunganika kwa pumzi ya mzungumzaji. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliutoa maandishi hayo pamoja na tafsiri yake mwaka 1990. Fabian aliona kwamba alikuwa ameshika kitu kisicho cha kawaida: historia ya mji wa kikoloni iliyoandikwa na waliokuwa wakisimama nyuma ya viti wakati wa chakula. Watu hao walisikia mengi, maana mezani boi huhesabiwa kuwa hana masikio.

Vinywa vya watu vinakumbuka pia siku ambayo makaratasi huitaja kwa sauti ya chini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na shaba ya Katanga ilikuwa ikihitajiwa mno na majeshi ya Washirika. Lakini mshahara wa mtu mweusi haukuwa umepanda kwa kiasi hicho. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni waligoma katika vituo kadhaa. Tarehe 9 Desemba waliokusanyika katika uwanja wa mpira huko Elisabethville walifyatuliwa risasi na askari wa serikali. Walikufa makumi ya watu, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa mmoja wa wasemaji wao. Hesabu ya serikali ilikuwa ndogo. Hesabu ya masimulizi ya mji ni kubwa zaidi. Baada ya siku chache tanuri liliendelea kula na kilima kiliendelea kukua. Kama mlima ungekuwa na alama za miaka kama shina la mti, mwaka huo usingeonekana tofauti na mwingine. Jiwe halikuandika maombolezo, na shahidi wa kwanza hapa ni bubu kabisa.

Aliyesema badala yake ni mchoraji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha 100 hivi za historia ya Zaire, na mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière yakawa na mahali pake. Alijiita mwanahistoria, na alipoulizwa na Fabian aeleze kila picha, alieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa saa nyingi, hadi maneno yake yakawa kitabu. Wanunuzi wa picha za namna hii mjini walikuwa na neno moja kwa kazi yake: ukumbusho. Picha ya ukumbusho haikutundikwa ukutani ili iwe pambo tu. Ilitundikwa ili mgeni akiingia aulize, na mwenyeji apate sababu ya kusimulia. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia. Picha zake zimebaki.

Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kubadilika jina na mwenyewe. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilikuwa imeitwaa mali ya Union Minière iliyoko Kongo, na kampuni ya taifa iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Katanga nayo ikapewa jina jipya, Shaba, ikalichukua hadi mwaka 1997. Neno la Kiswahili likawa jina la mkoa mzima, na watoto wa kambini wakawa *bana Shaba*, wana wa shaba. Kwa muda ilionekana kwamba baba amebadilika rangi lakini posho ni ileile. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mapato yakaliwa Kinshasa, mitambo ikachakaa bila kurekebishwa, na mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990. Kipushi ilifungwa mwaka 1993, na katika miaka hiyo tanuri la Lubumbashi nalo likapoa. Mishahara ikawa haiji mwezi hata mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kukipa kitabu chake cha 2001 jina linalosema kwamba wana wa shaba wameachwa na baba yao.

Baba aliondoka, taka yake ikabaki. Na hapo ndipo ikaonekana kwamba haikuwa taka. Matanuri ya zamani yalijengwa kwa ajili ya shaba, na kobalti nyingi ikaachwa iende na mavi, maana wakati ule haikuwa na mnunuzi wa kutosha wala ufundi wa kuitoa haukuwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gécamines, pamoja na kampuni ya Kimarekani ya OM Group na kundi la George Forrest, walijenga tanuri la umeme ubavuni mwa kilima na kuanza kukiyeyusha upya. Mchanganyiko wa kobalti na shaba uliotoka ulisafirishwa hadi Kokkola, Finland. Mlima uliojengwa kwa miaka 80 ukaanza kuliwa.

Zamu ya germani ilifuata. Madini haya hutumika katika nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano chini ya bahari na katika lenzi za kuonea gizani, na China, muuzaji wake mkubwa, iliweka masharti ya kuyauza nje mwaka 2023. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines inayoshughulikia kilima, STL, ilifunga mapatano na kampuni ya Ubelgiji ili germani ya Lubumbashi ikasafishwe Ulaya, na shehena ya kwanza ikaondoka mwaka huohuo. Kampuni hiyo ya Ubelgiji ni Umicore. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2001. Kabla yake iliitwa Union Minière, na ndiye mrithi wa ile Union Minière iliyoumwaga mlima huu. Aliyetupa amerudi kwenye jaa lake, safari hii kama mnunuzi. Hilo si dhambi, na nchi yenye mali ina haki ya kumwuzia amtakaye. Lakini linafundisha kwamba neno taka si sifa ya kitu. Ni hukumu ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hukumu hukatiwa rufaa.

Wenyeji wa Lubumbashi wamekwisha kuikata rufaa hiyo kwa upande wa kumbukumbu. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu, pamoja na wenzao wa nje kama Bogumil Jewsiewicki, wamekusanya masimulizi na vitu vya nyumba za wafanyakazi katika mradi wa kumbukumbu za mji. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapo, katika kazi yake ya 2006 aliwachukua wafanyakazi wa picha za zamani za kampuni akawaweka mbele ya kiwanda kilichochakaa, wakitazama, kama watu waliorudi kudai mshahara. Tamasha la picha alilolianzisha na wenzake mwaka 2008 lina jina la Kiswahili tupu: Picha.

Katika haya yote lipo jambo linalowahusu wapenzi wa lugha walioko pwani. Kiswahili cha Lubumbashi kimetazamwa kwa muda mrefu na wanasarufi wa pwani kama mavi ya lugha: kile kilichobaki baada ya Kiswahili safi kuondolewa. Husemwa *bana* badala ya wana, *mulima* badala ya mlima, na Kifaransa kimeingia ndani yake kama mchanga katika unga. Lakini mshairi anayekipinda kinywa mbele ya *mulima* na ajikumbushe ni mara ngapi yeye mwenyewe, mizani ilipopungua silabi moja, ameifungua m ya pwani ikawa mu, akamwandika *mutu* na *muja* bila kuona haya. Watu wa Katanga waliipata mu yao kutoka lugha za jirani zao, naye aliipata kwa mabingwa wa tenzi. Chemchemi ni moja, ya Kibantu.

Na kuna lililo zito kuliko silabi. Wapishi na maboi waliousimulia mji mwaka 1965, na mchoraji aliyesimulia kila picha yake, hawakusimulia kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili sanifu. Wangalingoja lugha yao isafishwe kwanza, wangalikufa kimya, na mauaji ya 1941 yangalibaki na hesabu ya serikali peke yake. Ndani ya lugha iliyohesabiwa taka ndimo ilimokaa historia ambayo matanuri rasmi yalishindwa kuitoa, kama kobalti ilivyokaa ndani ya jiwe jeusi.

Mlima unapungua sasa. Kila behewa linaloingia tanurini upya linachukua sehemu ya ushahidi wa shahidi wa kwanza, na jiwe likishayeyushwa mara ya pili halitaji tena lilikotoka. Makaratasi yamehifadhiwa Brussels na Lubumbashi kwa wenye ruhusa na muda. Waliobaki ni wazee wa makambi ya zamani, watoto wa zamu za usiku, ambao kila mwaka idadi yao inapungua kuliko kilima. Lugha yao haihitaji mkalimani kwa msomaji wa Lamu, Pemba au Unguja. Inamtaka tu atege sikio, na asiione mu kuwa kosa.